Tenga Lisilo na Kitako

Babu yangu Pu Zhensui alisuka matenga ya mto.
Si ya machungwa, si ya kuku:
marefu kuliko ng'ombe wawili waliolala kwa foleni,
mianzi iliyopasuliwa kwa kisu cha mpini mweusi,
na macho mapana kiasi cha kupitisha ngumi.
Wanaume saba waliyajaza mawe
wakayalaza ukingoni mwa mto Min
kabla theluji ya milimani haijayeyuka.

Nikiwa na miaka tisa nilimuuliza:
"Mbona huzibi matundu? Maji yatapita."
Akanitazama kama mtu aliyeulizwa
kwa nini mlango una uwazi.
"Yapite," akasema.
"Nani kakwambia tunayazuia?"

Debe tupu haliachi kuvuma, hilo nililijua.
Mkono mtupu haulambwi, nalo nililijua.
Shuleni walinijaza hadi shingoni,
hesabu, tarehe, majina ya wafalme,
na hakuna aliyenifunza kazi ya tundu.

Kisha ami yangu Dekuan akaja na saruji,
kofia ya plastiki ya njano, mkataba wenye mihuri.
Akajenga ukuta wa hatua mia mbili.
Babu alimshikia kamba ya kupimia,
akampelekea chai,
akaukagua ukuta kwa jicho moja.
"Umenyooka," akasema.
"Mto haujawahi kuona kitu kilichonyooka hivi."
Ami alifurahi wiki nzima.

Mngependa niseme ukuta ulibomoka.
Haukubomoka. Upo mpaka leo,
vijana huketi juu yake na simu zao.
Ila mto ulihamia ng'ambo,
ukala shamba la mahindi la Bi Jiang,
ukuta ukabaki unalinda changarawe.

Miaka ya mwisho babu alisahau.
Kwanza bei.
Kisha madeni, yake na ya watu.
Kisha jina langu; akaniita Miguu Baridi,
kwa kuwa utotoni nililala upande wa miguu yake.
Kisha jina la bibi,
na hapo nilitoka nje nikasimama mvuani.

Niliomba likizo benki, kule Chengdu, miezi minne.
Nikabandika vikaratasi nyumba nzima:
mlango, jiko, dawa, choo.
Alivibandua kimoja kimoja, kwa adabu,
akawashia moto.

Vidole havikusahau.
Vilipasua mwanzi bila kuutazama,
vikapita juu, chini, juu,
naye akiangalia mawingu
au haangalii kitu.
Asubuhi moja ya mwezi wa tatu akamaliza tenga, dogo,
nikaliinua kulisifu:
halikuwa na kitako.

"Babu, umesahau chini."
Akalichukua, akalielekeza kwangu,
akanichungulia kutoka upande wa pili,
uso mzima ndani ya duara, meno matatu.
"Hili," akasema, "halitamlemea mtu."

Ilikuwa hekima au ugonjwa? Sijui.
Watawa walioshuka mlimani kwa mazishi
walighani juu ya Njia mpaka koo zikakauka;
mimi nilikuwa nahesabu bakuli za wageni,
moshi wa ubani ukiniwasha macho.
Tenga nilikuwa nimelisimika bustanini juu ya mche wa boga.
Boga lilipanda ndani, likatokeza juu,
likaangukia upande lilioutaka.

Nimerudi benki. Nahesabu fedha za wengine.
Sijawa mtulivu; juzi nimemfokea karani
kwa kosa la nukta moja.
Lakini jioni, kabla sijawasha taa,
dirisha naliacha wazi kidogo,
kiasi cha ngumi.